Alienda kufundishwa kupiga kelele, akaambiwa anyamaze wiki mbili

Jina lake liko kapuni, ila kama wewe ni mtu wa viwanja vya Nairobi wikiendi, huenda umeshamwona. Mtoto wa Dar, kaja Nairobi kwa kazi ya ofisini, na Ijumaa na Jumamosi anapiga kopi na bendi kwenye baa za Westlands. Mwanzoni ilikuwa Bongo Fleva na mambo laini laini. Halafu bendi ikashtuka kwamba Nairobi ina watu wanaopenda roki kweli kweli: wanakuja na fulana zao nyeusi, wanaimba kila mstari na kiingilio wanalipa bila kubembelezwa.

Sasa roki inadai ule mkwaruzo. Yeye alikuwa anautoa kooni kwa nguvu zote, kama konda wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Miezi kadhaa ikakubali. Klipu zikazunguka, komenti za moto kibao. Kilichokuwa hakionekani kwenye klipu ni Jumapili asubuhi: anampigia mama yake simu, mama anauliza, “Nani mwenzangu?”

Dawa zote za mtaani alipitia. Tangawizi, asali, ndimu, karafuu ya kutafuna, mpaka yai bichi ambalo mpiga besi aliapa kwamba ndiyo siri ya wakubwa. Jamani, unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Njia ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma, na ukimeza ile ya mbele inafungwa. Chai ya tangawizi ikigusa nyuzi za sauti, hapo umepaliwa. Maji yanasaidia sana, lakini mpaka yapite mwilini kwanza, kwa hiyo ile chupa nzima unayoigida dakika tano kabla ya shoo ni ya kukupeleka chooni tu.

Ndipo mpiga ngoma akamwelekeza kwa mzee mmoja wa South B. Mzee kwa maana ya heshima, maana ana hereni mbili na suruali ya jinzi iliyochanika. Ameimba roki Nairobi tangu enzi ambazo majirani walikuwa wanamuuliza kama anaabudu shetani. Dada akamwamkia, “Shikamoo,” yule bwana akacheka kwanza ndipo akaitikia. Akamwambia aimbe ule wimbo unaomsumbua. Hata kiitikio hakikufika, akamsimamisha.

“Mimi sitakufundisha kitu juu ya koo kama hilo. Enda kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Halafu urudi.”

Pesa ya somo alikataa kupokea. Dada aliondoka amenuna, na nani asingenuna? Umepanda matatu mbili kwenda kujifunza, unarudishwa kama mtoto wa shule aliyesahau daftari.

Daktari akapitisha kamera nyembamba puani. Vinundu viwili, kimoja kila upande, vinatazamana. Ni sugu, kama ile ya kiganjani kwa mtu anayelima, ila hizi zimeota kwenye nyuzi za sauti kwa kugongana vibaya kila siku. Habari njema ni kwamba mara nyingi vinapungua bila kisu, kwa mapumziko na kubadilisha namna ya kutumia sauti. Habari mbaya ni wiki mbili za kunyamaza, na hata kunong’ona marufuku. Bendi ilikuwa na shoo nne. Na ile hela ya shoo ndiyo inayolipa kodi ya mama yake Dar.

Alirudi South B akilia, na kijidaftari cha kuandikia. Mwalimu akamsimulia habari za Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ambaye naye vinundu vilimtesa akiwa na Queen. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa sauti yake, wakaona kwamba mkwaruzo wake huenda ulitokana na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe. Kwa hiyo kitu ambacho dada alikuwa anakilazimisha kwa kusugua nyuzi, wenye ujuzi wanakitafuta jirani.

Lakini huko hakupelekwa haraka. Baada ya ukimya, miezi miwili ilikuwa ya vitu ambavyo ungeaibika kuviposti: kupuliza mrija kwenye glasi ya maji huku akipandisha na kushusha noti, kulala sakafuni na kamusi tumboni, kutoa “sss” moja ndefu bila kutetereka. Alianza na sekunde 12, akafika 30. Kisha mwalimu akahamia kwenye maisha yake. Akamkataza kubishana kwenye matatu yenye muziki. Akamuuliza kama jukwaani anajisikia, akasema hapana, ngoma inamfunika. “Basi geuza spika ikuangalie wewe. Mtu asiyejisikia lazima apige kelele.” Hilo lilikuwa bure kabisa, na huenda ndilo lililomsaidia kuliko yote.

Mkwaruzo wenyewe ulipokuja, ulikuja mdogo, kama mguno wa mtu anayejitwisha ndoo ya maji. Alidhani amekosea. Mwalimu akamwekea maiki, ukajaa chumba kizima.

Huku nyuma bendi ilishaleta msichana wa kushikilia nafasi, na msichana anajua, tusidanganyane. Siku hizi wanagawana: dada Ijumaa, mwenzake Jumamosi. Mapato yamekatika nusu, kodi ya mama sasa anasaidiana na kaka yake, ambaye hakosi kukumbushia kila mwezi.

Kamera ya mwisho ilionyesha kinundu kimoja kimeisha na kingine kimenywea. Bado kila Jumanne yuko South B. Ule wimbo wa klipu, mwalimu amesema usiguswe mpaka Desemba. Ijumaa iliyopita meza ya mbele waliudai kwa kelele, kiongozi wa bendi akamgeukia na macho ya kuomba. Akanywa maji, akawaambia wapige mwingine.