Siku tano Idjwi na kadi mbili za picha



Konje kubwa ya watoto inakaribia, na katika mikutano ya mwezi huu mmetuuliza mambo mawili: safari ya Idjwi tuliyoifanya mwaka jana inafanyika namna gani, na tulifanya nini ili picha zifike nyumbani. Tunayajibu pamoja, maana kwetu yalikuwa jambo moja. Tuliondoka Bukavu familia nne, wamama 5 na watoto 11, kwenda kumsalimu koko. Yeye ni mama wa wawili kati yetu. Anakaa Idjwi ya kusini, na miguu yake haimruhusu tena kupanda mashua. Watoto 7 katika wale 11 ni wajukuu wake, na wanne kati yao walikuwa hawajamwona hata siku moja. Picha yake tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ile ya kadi ya uchaguzi, ndogo, nyeusi, uso umefifia.

Sisi watu wa Kivu tunajua kubaki bila picha ni nini. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya Goma mpaka ukaingia ziwani, watu walikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Albamu zilibaki kabatini. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatapika tena, na nyumba za kandokando ya mji zikaungua. Katika chama chetu wako wamama ambao hawana picha ya ndoa yao, wala ya mzazi aliyekufa. Kwa hiyo tulipopanga safari, habari ya picha tuliiweka pamoja na habari ya chakula na ya jile za kuvaa ndani ya mashua.

Tuliazima kamera ndogo kwa mjomba wa watoto. Wengine watasema telefone inatosha. Inatosha kwa siku moja. Lakini pale tulipokaa hakukuwa na umeme isipokuwa paneli ndogo ya jua ya jirani, na telefone ikizimika, inazima pia habari zote za mama mwenyewe, hawezi kuita wala kuitwa. Tena telefone ndiyo ya kwanza kuibiwa. Kamera iliweza kukaa siku mbili bila kuchajiwa.

Sasa kamera hiyo haishiki picha yenyewe. Inaziweka ndani ya kadi ndogo, ile watoto wetu wanaiita karte memware. Ile ya kamera ina ukubwa kama tembre ya barua. Ile ya telefone ni kama ukucha wa kidole gumba, na inaweza kuvalishwa kasha ili iingie kwenye kamera. Usinunue kabla ya kutazama kadi iliyomo tayari, maana kamera za zamani zinachagua. Kama juu yake imeandikwa SDHC, kamera hiyo inapokea kadi mpaka giga 32. Kadi zinazopita hapo zina alama SDXC, na kamera ya zamani inaweza kuzikataa kabisa, hata kama zinaingia vizuri kwenye tundu lake. Tazama pia namba iliyo ndani ya herufi C. Ikiwa ni 10, kadi inaandika mega 10 au zaidi kwa kila sekunde, na hiyo inatosha kwa picha na video za familia. Chini yake, video inaweza kukatika-katika.

Juu ya ukubwa, msidanganywe na tamaa. Picha moja ya kamera yetu ilikuwa kama mega 5, basi kadi ya giga 16 inashika picha karibu 3,000. Nani atazitazama? Kinachokula kadi ni video. Dakika moja ya video safi inaweza kumeza mega 120, na hiyo giga 16 inakwisha kwa masaa mawili hivi.

Mama mmoja wa kundi letu alikuwa amenunua kadi kwa muuzaji wa kutembea, kando ya soko. Imeandikwa giga 128, bei yake kama ya sahani ya bugali na sambaza. Alijaribu kuitumia kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Picha za kanisani zilitoka, lakini zile za karamu zilikuwa nusu kijivu, nyingine hazikufunguka kabisa. Kadi za namna hiyo zimejaa masokoni. Ndani yake mna giga 8 tu, au hata chini ya hapo, na kiprogramu kidogo kinachoiambia kamera uongo. Kamera inaandika, inaandika, nafasi ya kweli inakwisha, na picha mpya zinapotea au zinaandikwa juu ya zile za kwanza. Kwa macho hutaijua, karatasi yake inafanana na ya kweli. Dawa yake ni kuijaribu kabla ya safari: mpe kijana mwenye kompyuta aijaze kadi yote kwa sinema na nyimbo, mpaka iseme imejaa, kisha afungue zile za kwanza na zile za mwisho. Zikicheza zote, kadi ni nzima. Kazi ya jioni moja.

Sisi tulichukua kadi mbili za giga 16, tukaacha moja kubwa ya 32. Ni kama vile tunavyogawanya franka za soko, nyingine ndani ya mkoba na nyingine tumezifunga kwenye ncha ya kikwembe.

Tulipanda mashua asubuhi, siyo ile ya mbio, ile ya kawaida, yenye magunia ya unga na kuku waliofungwa miguu. Watoto walitaka kupiga picha pale pale bandarini. Tuliwakataza. Bandarini, kwenye daraja la Rusizi, uwanja wa ndege, na popote penye askari, kamera inabaki ndani ya mkoba. Kwa picha moja ya namna hiyo watu wamenyang'anywa kamera pamoja na kadi. Tulipoacha nyuma zile rasi za Bukavu zinazoingia majini kama vidole, ndipo tukawapa kamera. Kadi ya pili ilikuwa ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, kimefungwa kiunoni mwa mama mmoja. Maji yaliruka mara mbili tatu, kikopo hakikulowa. Na ikitokea kadi imelowa, iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha ndani ya kamera. Mwende asubuhi, wenzetu. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanakuwa marefu.

Idjwi tuliipenda mno. Milima imevikwa migomba na kahawa mpaka majini, na mananasi yake ni matamu kuliko yale yanayotufikia Bukavu yakiwa yamelala siku mbili. Watoto waliokulia mjini walijifunza kusalimia kwa Kihavu, vibaya, na watu walicheka wakawafundisha tena. Ziwa letu halina mamba, basi walioga kila siku. Jioni wavuvi walitoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imesimama mbele na nyuma kama pembe, wanapiga makasia kwa kuimba. Usiku taa zao zilijaa ziwani. Wanavua sambaza, na watoto walishangaa kusikia kwamba samaki huyu hakuzaliwa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hapo ndipo kadi ya kwanza ilipokwisha. Kijana mmoja alipiga video ya wavuvi dakika 20 gizani, hakuna kinachoonekana ila nukta za taa. Lakini wimbo unasikika vizuri sana, tukaamua kuiacha. Siku ya tatu, mchana, kadi ilijaa. Tulizima kamera kwanza, tukaitoa kadi. Usiitoe kamwe wakati kitaa chekundu kinametameta, maana bado inaandika. Tulisukuma kile kipande kidogo cha ubavuni ili ifungwe, isiandikwe tena, tukaiweka ndani ya kikopo. Ya pili ikaingia.

Koko alikuwa amekataa picha siku mbili nzima. Alisema hatapigwa picha na nguo ya shambani. Siku ya nne alioga, akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akaita kiti kiwekwe chini ya mparachichi, akapanga wajukuu kwa mkono wake mwenyewe, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Tulipiga picha nyingi. Katika moja anacheka mpaka macho yamefunga, na mtoto wa miaka mitatu ameshika sikio lake. Asubuhi ya siku ya tano tuliagana.

Ndani ya mashua ya kurudi, mtoto mmoja aliomba kamera ili afute picha moja iliyotoka vibaya. Alibonyeza kufuta zote. Mama yake alipiga kelele mpaka wasafiri wengine wakadhani kuna mtu ameanguka majini.

Someni hapa polepole. Picha iliyofutwa haitoki mara moja ndani ya kadi. Kamera inafuta tu jina lake katika orodha, na nafasi yake inahesabiwa kuwa tupu. Picha yenyewe inabaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo kamera ilizimwa palepale, kadi ikatolewa na kufungwa ubavuni. Watoto walilia kwamba wanataka kupiga picha za mawimbi. Hapana, mpaka Bukavu. Kijana mmoja wa chuo aliiweka kadi kwenye kompyuta yake, akatumia programu ya bure iitwayo PhotoRec, na alizihifadhi picha zilizopatikana kwenye kompyuta, siyo kwenye kadi ileile, maana hapo angeziua mwenyewe. Picha zilizofutwa zilikuwa 214. Zilirudi 209. Ile ya koko anayecheka ilikuwamo.

Kumbe kazi haijaisha mtu anapofika nyumbani. Studio nyingi na siberi zina virusi kwenye kompyuta zao, na kadi inatoka pale na picha zimegeuka majina matupu yasiyofunguka. Funga kile kipande cha ubavuni kabla ya kuitoa mkononi. Inasaidia, lakini si kufuli la kweli, ni alama tu ambayo mashine inasoma, na mashine nyingine hazijali. Basi usiache kadi ukaenda sokoni. Kaa karibu mpaka wamalize, kisha irudi mkononi mwako. Na kabla ya kuipeleka kwa mtu wa nje, ondoeni picha za watoto waliokuwa wakioga; hizo ni za nyumbani, na huwezi kujua nani atabaki nazo. Sisi tulizihamisha kwanza kwenye kompyuta ya jamaa, ndipo kadi ikaenda studio.

Nakala tumefanya mbili, moja kwenye kle ya USB hapa Bukavu, na nyingine iko kwa shangazi yao anayekaa mbali nasi, si katika komine yetu. Tulifungua picha chache kwa kila upande ili kuona kama ni nzima. Baada ya hapo tu ndipo kadi zilisafishwa, na tulizisafisha ndani ya kamera yenyewe, kwenye ile sehemu ya kufomati, siyo kwenye kompyuta, ili kamera izipange inavyotaka. Wengine wanaziacha kadi sandukuni miaka na miaka zikiwa na picha zao pekee. Kadi isiyotumika inaweza kusahau yaliyomo, na hata ikikumbuka, labda hakutakuwa na mashine ya kuisoma. Picha ya karatasi haina habari hizo.

Tumechapisha 12. Saba ni za wajukuu, kila mmoja na yake, na mbili zimekwenda kwa wajomba. Tatu ni za koko mwenyewe. Tumezifunga ndani ya plastiki mbili, na mama mmoja anayeuza unga kule amezibeba chini ya kikwembe chake katika mashua ya Jumanne. Koko ametuma jibu kwamba ile ya kucheka haitaki, meno yanaonekana, atatundika ile aliyokaza uso.

Wenye kadi za kujaribu kabla ya safari wazilete kwenye mkutano wa Jumamosi, kompyuta itakuwepo.