Sokwe wa Kijerumani

Mwaka 2006 mvua zilikataa, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na Dar es Salaam nzima ikaishi kwa mgao wa umeme. Kwetu Temeke kuna siku umeme uliondoka asubuhi ukarudi watu wameshalala. Runinga ya mwenye nyumba, iliyokuwa ikilea watoto wa vyumba vyote kuanzia magharibi, ikawa pambo tu. Watoto wakahamia barazani, na barazani ndiko nilikokuwa nikikaa na chemli yangu.

Vitabu nilikuwa navyo. Wakati huo nilikuwa karani wa shule, na mwalimu mmoja Mjerumani alipomaliza mkataba wake aliniachia boksi zima. Mlikuwa na vijitabu vyembamba vya Kiswahili, vya aina iliyoanza kuonekana baada ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzishwa mwaka 1991. Nilianza na hivyo. Hadithi hazikuwa mbaya, ila vingi nilivyokuwa navyo viliishia kwenye ukurasa wa maswali: umejifunza nini, nani alikuwa mtiifu. Nikifika hapo watoto wananyanyuka mmoja mmoja, huyu kiu, yule kaitwa. Siwalaumu. Sisi wenyewe tulifundishwa kusoma kwa kuitikia darasa zima, fimbo ikigonga ubao. Mpaka leo mtu wa rika langu ukimtajia "Sizitaki Mbichi Hizi" atakughania shairi lote, lakini hatakwambia kama aliwahi kulipenda.

Chini kabisa ya boksi palikuwa na kitabu kipana cha jalada gumu, Frische Fische. Maneno yote Kijerumani. Lakini jina la mwandishi lilikuwa John Kilaka, mtu wa upande wa Sumbawanga, na picha zilikuwa za kwetu kabisa. Kilaka huchora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Michoro ya namna hiyo nilizoea kuiona Morogoro Stores, kule Oysterbay, ikisubiri watalii; watoto wa Temeke safari ya huko waliipata wapi? Kitabu chenyewe kilitoka Ulaya mwaka 2001. Mtanzania kachora, Wazungu wamesoma, sisi tukakipata kama mtumba.

Kijerumani sikujua hata neno moja. Nikawaambia watoto nitasoma, nikasoma picha.

Sokwe ni mvuvi. Samaki wake ni wa kupeleka sokoni. Mbwa anawataka bila kulipa. Hayo yanaonekana bila kamusi. Mengine niliyatia mwenyewe: samaki nikawaita vibua (Kilaka, kwa asili yake, huenda aliwaza migebuka), na mbwa nikampa sauti ya puani. Kuanza bila Paukwa sikuruhusiwa. Wakishaitikia Pakawa ndipo jalada lifunguliwe.

Mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, hakujali kabisa nilichokuwa nikisema. Kidole chake kilitembea kwenye pembe za picha, kule ambako mimi sikutazama, akawa anauliza huyu kavaa nini na yule anamwangalia nani. Usiku mmoja akamkuta mnyama aliyesimama pembeni kabisa.

"Huyu kamwona mwizi. Mbona hasemi?"

"Anaogopa kuwa shahidi," alijibu binti wa chumba cha mbele, mwanafunzi wa darasa la pili.

Pakazuka ubishi uliomaliza mafuta ya taa, na kurasa zilizobaki tukazilaza hadi kesho. Kwangu mimi hapo ndipo kusoma kulipoanza. Swali hilo hakuna mchapishaji ambaye angeliweka kwenye ukurasa wa mwisho.

Baada ya muda hadithi ikaganda. Nilipojaribu kuwafanya vibua kuwa changu, nilikemewa: "Shangazi, soma vizuri!" Walijua mbwa anakohoa ukurasa gani, na nisipokohoa wanakohoa wao. Yule binti peke yake ndiye aliyeanza kunitilia shaka, kwa kuwa herufi alikuwa anazijua. Akasogea karibu na chemli, akaweka kidole kwenye mistari.

"Shangazi, hapa pameandikwa maneno mengi. Mbona wewe umesema 'akakimbia' basi?"

"Kijerumani hicho. Maneno yao marefu."

Akatazama tena, taratibu. "Na vibua wako mstari gani?"

Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka mpaka akauweka ungo chini. Binti hakunifichua kwa wenzake. Kesho yake alikuja mapema, akakichukua kitabu mapajani mwake na kuwasomea yeye, tena kwa maneno mengi kuliko yangu, kila mstari akiupa haki yake.

Umeme ulipotengemaa wakubwa walirudi kwenye runinga. Jumamosi moja nikawachukua wadogo mpaka Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, nikawapeleka sehemu ya watoto. Mkutubi, mama mpole, akawaonyesha rafu ya hadithi. Mtoto wa dada yangu akamwamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akauliza vya Kijerumani viko wapi, maana hivi vingine vina maswali.