Bro Alizamia Meli, Mimi Nikazama Kwenye Fanfiki: Aina 4 za Kusoma Ukiwa Unamsubiri Mtu

Niliahidi kuwaletea stori ninazosoma usiku wakati wenzangu mmelala au mnachati na maeksi wenu. Leo natimiza. Ila nawaonya mapema: leo hakuna umbea wa mastaa, na mwisho wa tamthilia kadhaa nitaufichua. Kama hutaki kujua, komea hapa, kaangalie kwanza halafu urudi. Sikasiriki.

Tuanze na maana, sababu najua kuna mtu atauliza huko chini. Fanfiki ni hadithi ambayo shabiki anaiandika mwenyewe kwa kutumia wahusika wa kitabu, muvi au tamthilia anayoipenda. Hamna hela hapo. Anaandika kwa sababu stori iliisha na yeye hajaridhika. Mimi nasoma sana za enzi za meli za matanga: miaka ya 1700 kwenda 1800 na kitu, manahodha, maharamia, mizinga, biskuti zenye wadudu. Shoga yangu mmoja aliniuliza, "Wewe mtoto wa Temeke, Wazungu wenye makoti ya vifungo vya dhahabu wanakuhusu nini?"

Wananihusu. Ngoja niwaambie.

Mwaka 2010 hivi nilikuwa na miaka 10, Bro alikuwa na 17. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, kiingilio shilingi 200. Mama alikuwa hataki niende, ila Bro alikuwa ananipitisha kwa mlango wa nyuma. Siku hiyo iliwekwa Master and Commander, ile ya 2003 ya Russell Crowe, kopi iliyotafsiriwa. Si mnazijua? Sauti ya jamaa mmoja inafunika waigizaji wote, nahodha wa Kiingereza anaongea kama kondakta wa Gongo la Mboto.

Kuna sehemu meli inapigwa na dhoruba, kipande cha mlingoti kinakatika na kuanguka baharini pamoja na kijana anaitwa Warley. Ule mlingoti bado umefungwa na kamba, unaivuta meli, watazama wote. Nahodha anaamua kamba zikatwe. Na mmoja wa wanaokata ni Nagle, rafiki yake Warley kabisa. Warley yuko kwenye maji anaogelea, na meli inazidi kwenda.

Kibanda kizima kimya. Halafu yule mtafsiri akasema, "Msihofu watazamaji, huyu dogo kuna jahazi linapita hapo nyuma, linambeba, yuko fresh." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Bro alicheka njia nzima mpaka nyumbani. "Aisee, jamaa kamwokoa dogo!"

Wadau, kwenye ile muvi hakuna jahazi. Nimeirudia mara sita nikiwa mkubwa, hakuna. Yule mtafsiri alilitunga pale pale kwa sababu hakuvumilia. Hiyo ndo fanfiki yangu ya kwanza, na wala sikujua kama ina jina.

Mwaka 2017 Bro alizamia. Watu wa pwani mnaelewa. Kwa wa bara: kuzamia ni kujificha kwenye meli ya mizigo bila ruhusa, ukiomba Mungu ikushushe nchi yenye hela kabla hawajakukamata. Aliaga kama anaenda kibaruani. Baada ya wiki saba akapiga kwa namba ya ajabu, akaongea na mama dakika mbili, akasema yuko Durban, yuko poa, anatafuta meli nyingine. Basi. Mpaka leo kimya. Hatujaona mwili, hatujapata taarifa, na kwa hiyo hatujawahi kukaa matanga. Mama anasema huwezi kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nauza vocha, bando halikati, nikaandika Google kwa Kiingereza changu cha divisheni ya nne: je, Warley alipona? Ndo nikaangukia tovuti inaitwa Archive of Our Own, wenyewe wanaiita AO3. Ni bure, haina matangazo, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa sana kwenye ulimwengu wa hadithi za kubuni za kisayansi. Nikakuta mamia kwa mamia ya watu wanaofanya kazi ya yule mtafsiri wetu wa kibanda umiza. Sijatoka humo tangu siku hiyo.

Waandishi siwataji, wengi wanatumia majina ya kujificha na nawaheshimu. Nawapa aina nne, mtazitafuta wenyewe.

1. Zile ambazo Archie hafi

Hornblower ni filamu nane za televisheni za kati ya 1998 na 2003, zimetokana na vitabu vya C. S. Forester. Horatio ni ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza, rafiki yake ni Archie Kennedy. Kwenye filamu ya kwanza Archie anaachwa kwenye mashua akiwa hajitambui, adui yake anaikata kamba, mashua inapotelea gizani. Wote wanajua amekufa. Baadaye Horatio anafungwa jela Hispania, anaingia, anamkuta nani? Archie. Yuko hai, kakonda, kakata tamaa, ila yuko hai.

Hiyo sehemu nililia mpaka mama akaja kuuliza.

Halafu mwaka 2001 wakamuua kweli. Nahodha wao alikuwa amedondokea chini ya sitaha, mtu lazima anyongwe kwa kosa la kumsukuma, Archie ana jeraha la risasi na anajua haponi, basi anajibebesha kosa ili Horatio asinyongwe. Anafia gerezani Kingston, Jamaica. Mashabiki waligoma. Zaidi ya miaka 20 sasa wanaandika namna Archie alivyotoka.

Ninazozipenda ni zile ambazo hazimponyi kirahisi. Archie anapona, lakini kwa kuwa kwenye makaratasi ni marehemu na ni mhalifu, hawezi kumwandikia mtu yeyote. Anaishi kwa jina lingine, anasikia habari za rafiki yake kwa mbali, anakaa kimya. Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo: kwamba mtu anaweza kuwa kimya sio kwa sababu amekufa wala amekusahau, ila kwa sababu akipiga simu anajikamatisha.

2. Zile za baada ya Black Sails

Hii ilirushwa 2014 mpaka 2017, misimu minne. Yenyewe ni kama fanfiki iliyopewa bajeti, sababu inaeleza maisha ya Kapteni Flint na John Silver kabla ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Ni kile kitabu cha 1883 ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Kisiwa chenye Hazina. Waulize babu zenu.

Mwishoni Flint anatoweka. Silver anamwambia mpenzi wake Madi kwamba hakumuua, kwamba alimpeleka shamba moja Savannah ambako yupo Thomas, mtu wa Flint aliyedhaniwa kafa miaka yote. Tunaonyeshwa wanakumbatiana. Tatizo ni kwamba tunayaona hayo wakati Silver anasimulia, na Silver ni muongo toka sekunde ya kwanza.

Mashabiki wamegawanyika mpaka kesho. Kuna wanaoandika maisha ya Flint na Thomas uzeeni, wanalima, wanagombana kuhusu kuku. Kuna wanaoandika risasi msituni. Somo zote mbili. Mimi nilikuwa nasoma za shambani tu, mpaka siku moja nikasoma ya risasi mpaka mwisho na sikufa. Nikaelewa kwamba ninaweza kuushika mwisho wote wawili mkononi bila kulazimika kuchagua leo.

3. Zile za The Terror

Hapa mjipange. Msimu wa kwanza wa The Terror, 2018, umetokana na riwaya ya Dan Simmons, na nyuma yake kuna tukio la kweli. Mwaka 1845 meli mbili za Uingereza, Erebus na Terror, zilienda kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada, zikanasa kwenye barafu. Watu 129, hakurudi hata mmoja. Mke wa mkuu wa msafara, Lady Jane Franklin, alihangaika miaka na miaka kutafutisha watu wamtafutie mumewe. Erebus imekuja kuonekana chini ya maji 2014, Terror 2016. Zaidi ya miaka 160 baadaye.

Fanfiki nyingi humu ni zile za wote wanapona, wanarudi, wanakula mkate wa moto. Nzuri, zinapoza. Lakini ninayowapendekezea ni aina nyingine. Kwenye tamthilia, Kapteni Crozier anabaki hai peke yake kwa wenyeji wa kule, na wanapokuja watu kumtafuta anajificha na kuacha waambiwe kwamba amekufa. Kuna wanaoandika maisha yake baada ya siku hiyo. Kwa nini hakutoka? Alikuwa na aibu? Alikuwa na amani?

Hizi nilizikwepa mwaka mzima. Sababu unajua swali linalofuata. Je, kama Bro yuko hai, anakula, anacheka, na hataki tu kutafutwa? Nilimkasirikia Crozier kama ananidai. Sasa hivi hasira imepungua. Ikiwa hivyo ndivyo, basi awe ameshiba.

4. Zile za barua

Hizi ni za Jack Aubrey na Dokta Stephen Maturin, wale wale wa Master and Commander. Patrick O'Brian aliandika vitabu 20 kati ya 1969 na 1999. Kwenye vitabu, Jack anamwandikia mkewe Sophie barua ndefu ambayo kila siku anaongeza kipande, sababu hamna posta katikati ya bahari. Unaandika tu, ukibahatika mkikutana na meli inayorudi kwenu unaikabidhi.

Kuna fanfiki ambazo ni barua mwanzo mpaka mwisho. Tafuta tagi ya "Epistolary". Zinazoniua ni zile ambazo barua zinafika kwa kuchanganyana: ya mwezi wa tatu inafika baada ya ya mwezi wa saba, mke anasoma mume anaumwa wakati ameshasoma kwamba alipona. Sisi tumezoea tiki mbili za bluu, mtu akichelewa dakika kumi tunamnunia. Wale walikuwa wanaishi mwaka mzima bila tiki hata moja.

Dondoo za haraka kabla sijafunga. Ukiingia AO3 andika "Age of Sail" sehemu ya kutafutia, halafu chuja zilizokamilika tu, usije ukalia sura ya 14 mwandishi kaondoka toka 2012. Unaweza kushusha hadithi nzima kama PDF au EPUB ukaisoma kwenye daladala bila bando. Angalia alama ya umri, zilizoandikwa "Explicit" ni za wakubwa, msije mkanisema kwa mama zenu. Na ukiipenda stori mwachie mwandishi neno. Halipwi chochote zaidi ya hilo.

Sasa la mwisho. Mwezi uliopita niliandika ya kwangu. Kwa Kiswahili. Warley anaogelea, meli inaenda, na jahazi linapita. Najua, pale ni Cape Horn, jahazi huko linatoka wapi? Sijali. Yule mtafsiri alisema lilipita, lilipita.

Nikamsomea mama akiwa anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunyanyua kichwa.

"Huyo kijana Wali..."

"Warley, mama."

"Huyo huyo. Hao wa jahazi walimpa chakula?"

"Walimpa."

"Wakamshusha wapi?"

Nikasema bado sijaandika.

"Andika. Na hapo aliposhushwa hakuna simu?"

"Mama, ni mwaka 1805."

Akakaa kidogo, akatoa jani bovu akalitupa. "Basi aandike barua. Ndefu. Hata ikichelewa."

Nikaongeza barua. Mama akasema, isome tena hiyo ya mwisho. Nikasoma tena.

Kwetu hatujakaa matanga, kwa hiyo hatuna matanga ya kuanua. Tunasoma tu. Wewe je, kuna mhusika gani aliyekufa ambaye ungemwitia jahazi? Niandikie hapo chini, nasoma komenti zote.

Na Bro, kama siku moja utapita humu kwa simu ya kuazima, sio lazima upige. Usiandike jina wala uko wapi. Andika tu "jahazi lilipita." Nitajua ni wewe, na nitamwambia mama.