Safari yetu ya makumbusho, na simu ya baba mmoja



Naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala katikati, mjue mwandishi naye alisinzia. Nimeombwa nieleze safari yetu ya makumbusho, kwa sababu maneno yamekuwa mengi kwenye simu za wazazi na wengine wamesikia nusu tu. Kosa la ile nusu ni langu, nitalifikia.

Kwanza nikiri jambo. Nimekaa Black Rock miaka tisa, na miaka minne ya mwanzo nilikuwa napita na basi la Elmwood mbele ya lile jumba jeupe la marumaru nikidhani ni mahakama. Nguzo kubwa, ngazi pana, na sikuwahi kuona mtu anaingia akicheka. Mtu mwenye makaratasi ya uhamiaji kwenye mkoba, akiona jengo la namna ile, hutazama upande wa pili wa barabara. Ni bibi mmoja niliyekuwa namuuguza aliyenifumbua macho. Nilipomwambia nashuka karibu na mahakama ya Elmwood alicheka mpaka nikampa maji. Akasema, mwanangu, lile ni Jumba la Makumbusho ya Historia ya Buffalo, mimi nilipelekwa pale na shule nikiwa na miaka saba.

Wakati mimi nilizaliwa Ujiji! Sisi makumbusho tulikuwa nayo nyumbani, chini ya miembe, pale ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Shule ilitupeleka tukiwa darasa la tano, kwa miguu. Ndani mlikuwa na masanamu mawili ya Wazungu, kila mmoja amenyanyua kofia kumsalimu mwenzake. Tulicheka, mwalimu akashika fimbo, tukanyamaza, tukaandika tarehe kwenye daftari. Jioni bibi yangu akaniuliza tumeona nini. Nikamweleza. Akauliza, "Na sisi walituweka wapi?" Nikamjibu, bibi, ninyi hamkuwemo. Akaacha kupepeta mchele. "Hatukuwemo Ujiji?"

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, kando ya mto Clyde huko Scotland, na nyumba aliyozaliwa nayo leo ni makumbusho. Alipofariki mwaka 1873 kule ambako sasa ni Zambia, waliomchukua mpaka pwani ya Bagamoyo ni Susi na Chuma pamoja na wenzao. Safari ya karibu miezi tisa, wamebeba maiti. Mimi niliyajua majina hayo mawili nikiwa mtu mzima. Darasa la tano niliandika kofia.

Sasa tuje kwetu hapa mtoni. Watoto, ninyi mnakaa mtaa wenye jina la jiwe ambalo halipo. Lilikuwepo jabali jeusi kando ya mto Niagara, watu wakilitumia kama gati la kivuko cha kwenda Canada, likavunjwa kupisha mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825. Kabla ya hapo, Desemba 1813, Waingereza walikuwa wameuchoma moto mtaa huu pamoja na Buffalo. Black Rock ulikuwa mji wenyewe, ukigombania bandari na Buffalo, mpaka ulipounganishwa nayo mwaka 1853. Na kule chini ya barabara ya Ferry, ambako baba zenu wanakwenda kuvua samaki, watu weusi waliokimbia utumwa walikuwa wanapanda mashua usiku kuvuka kwenda kuwa huru. Mto huo huo, maji hayo ya kasi mnayokatazwa kuyachezea.

Hayo niliwaeleza watoto njiani. Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mama wawili wa kutusaidia. Tulipanda basi la Amherst, tukashuka Elmwood, tukatembea. Mlangoni nilisema kwa Kiingereza changu cha wodini, "Good morning, we are a school," na yule wa mapokezi akatutazama tulivyofunga vitambaa na makoti ya theluji, akasema karibuni. Ndivyo tu. Miaka minne nilikuwa naogopa neno moja.

Jumba lile lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1901, yaliyoitwa Pan-American Exposition. Yalikuwa mji mzima wa majengo na taa za umeme uliotoka Niagara, na karibu yote yalibomolewa yalipokwisha. Hili lilibaki kwa sababu lilijengwa la kudumu. Ni katika maonyesho hayo Rais McKinley alipigwa risasi tarehe 6 Septemba, akafariki siku nane baadaye. Wavulana walisikia habari ya bastola, na kwa nusu saa hawakutaka kusikia kingine. Mimi kama nesi niliwaambia habari ya kidonda, jinsi kilivyooza ndani, wakakunja nyuso. Huo ndio ukawa mwisho wa bastola.

Halafu tukatoka upande wa nyuma, unaotazama ziwa dogo, tukakaa kwenye ngazi kula maandazi. Hapo ndipo nilipowaambia lile jambo.

Niliwaambia kwamba katika maonyesho yale ya 1901 palikuwa na sehemu ya burudani, na ndani yake palijengwa kijiji cha kuigiza, wakaletwa watu kutoka Afrika wakae humo watazamwe. Mtu analipa senti zake, anaingia, anaangalia watu. Sehemu hiyo iliitwa Afrika ya Giza Kuu. Jina hilo lilikuwa limeshakuwa jina la kitabu cha Stanley cha mwaka 1890, Stanley yule yule wa kofia wa kwetu Ujiji. Nilipoligundua hilo nilikaa kitandani na viatu nikiwa nimevaa. Nimevuka bahari, nimetafuta kazi, nimejifunza kutembea kwenye barafu, na yule mtu alikuwa ameshafika Buffalo kabla yangu na kuwaambia watu mimi ni nani.

Watoto walinyamaza. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza, "Mwalimu, majina yao nani?" Sikuwa na hata jina moja la kumpa. Kisha mama mmoja akasema basi linakuja, tukakusanya vikombe, tukakimbia.

Jumapili usiku baba yake akanipigia. Ni mtu ninayemheshimu kama kaka, hajawahi kukosa kumleta mtoto hata siku ya theluji ya magotini. Alisema, "Dada, mimi nilimleta mtoto ajifunze Kiswahili. Sikumleta ajifunze kudharauliwa. Hayo atayakuta barabarani mwenyewe." Binti alikuwa amekataa kula. Alikuwa amemuuliza baba yake kama na wao wanaangaliwa.

Sikuwa na jibu la haraka. Baba huyo alikuwa Buffalo Mei 2022, kama mimi, wakati watu weusi kumi walipouawa katika duka la Jefferson Avenue kwa sababu ya rangi yao. Sote tunakumbuka ilivyokuwa kumtuma mtoto kununua mkate wiki ile. Mzazi akisema hayo, huwezi kumjibu kwa maneno ya kitabuni.

Nimefikiri zamu tatu. Nimeona kwamba ana haki kwa jambo moja, na kwa jingine sikubaliani naye.

Haki yake ni hii: niliwapa watoto nusu ya habari, tena nusu chungu, halafu tukakimbilia basi. Kazini kwangu ukifungua kidonda hukiachi wazi ukaenda kunywa chai. Nusu ya pili ilikuwa kwenye daftari langu na sikuisoma. Naiandika hapa, wazazi wasomeeni watoto.

Buffalo ya 1901 ilikuwa na mwanamke mweusi aliyeitwa Mary Talbert. Alikuwa mwalimu, mwenye elimu ya chuo wakati ambao wanawake wachache wa rangi yoyote walikuwa nayo. Aliishi jirani na kanisa la Kibaptisti la Michigan Street, lililojengwa katika miaka ya 1840, ambalo lilisaidia waliokuwa wanakimbia utumwa kuelekea mto wetu. Maonyesho yalipokuwa yanaandaliwa, yeye na wenzake walikutana kanisani humo, Novemba 1900, wakadai mambo mawili: mtu mweusi awekwe kwenye kamati ya maandalizi, na yale maonyesho ya kazi za watu weusi yaliyokuwa Paris mwaka huo yaletwe Buffalo. Katika kuandaa yale ya Paris alikuwemo W. E. B. Du Bois. Yalikuwa picha za familia, za shule na za maduka ya watu weusi, vitabu walivyoandika wao wenyewe, na michoro ya takwimu iliyopakwa rangi kwa mkono. Kwenye kamati hawakumwekea mtu. Lakini maonyesho ya Paris yalikuja.

Kwa hiyo kiangazi hicho, katika uwanja ule ule, mtazamaji aliweza kulipa akaone kijiji cha kuigiza, au akaingia jengo jingine akaona watu weusi wamevaa nguo zao wanazozipenda, wanamtazama yeye. Akina Talbert hawakuweza kukifunga kile kijiji. Waliweka jibu lao uwanjani humo humo.

Nisipokubaliana naye ni pale aliposema atayakuta barabarani mwenyewe. Ndiyo, atayakuta. Ila mimi nililiona jina la Afrika ya Giza Kuu nikiwa na miaka thelathini na kitu, peke yangu, usiku, kwenye simu. Ningependa yeye alisikie akiwa na andazi mkononi, amekaa katikati ya wenzake, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu anayeweza kumshika bega. Huenda miaka tisa ni midogo. Hilo tujadiliane, na tangu sasa safari yenye habari nzito nitawatumia wazazi ujumbe kabla, ili kila mmoja aamue kwa mtoto wake.

Watoto waliniomba nisisahau jumba la sanaa, Buffalo AKG, ambalo tulikwenda wiki mbili baadaye, ng'ambo ya barabara kuu. Mle ndani kuna chumba kizima cha vioo, sakafu vioo, dari vioo, hata meza na kiti vimefunikwa vioo, kilichotengenezwa na Lucas Samaras mwaka 1966. Kila mtoto alijiona mia. Kaka mmoja wa miaka sita akawahesabu wenzake, "Sasa sisi ni wengi!" na hakutaka kutoka. Frida Kahlo na tumbili wake walipendwa pia. Michoro mikubwa ya rangi tupu haikupendwa, nami sikuwalazimisha. Hata mimi mbele ya mingine nasimama kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Wazazi mnaoniuliza gharama: ule ua mkubwa uliofunikwa paa la vioo kama mti, katikati ya AKG, kuingia ni bure, na watoto wanaweza kukaa humo siku ya baridi bila mtu kuwauliza kitu. Kwa kumbi nyingine ulizeni mezani kama kadi ya chakula inapunguza kiingilio, makumbusho mengi ya Marekani yanafanya hivyo. Msione aibu kuuliza. Mabegi ya mgongoni huachwa mlangoni au hubebwa mbele. Na tafadhali msiwaambie watoto "usiguse" tu, waambieni kwa nini: mafuta ya vidole vyetu huharibu vitu taratibu, hata vidole vilivyonawa.

Safari ijayo ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Tutaliona kanisa la Michigan Street kwa nje, halafu tutapanda mpaka kona ya Michigan na East Ferry, kwenye ule ukuta wenye nyuso 28 za waliopigania haki za watu weusi, uliochorwa mwaka 2017. Uko barabarani, hauna mlango wala kiingilio. Kila mtoto aje na karatasi yenye majina ya bibi zake na mababu zake, yote anayoweza kuyapata. Wazazi pigeni simu nyumbani, Kigoma, Uvira, Bujumbura, Mombasa, kokote, muulize. Majina ya ukoo yaandikwe yanavyotamkwa, tahajia tutasahihisha darasani.

Yule baba nilimsomea barua hii kwenye simu kabla ya kuileta. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Alisema atakuja na gari lake, lina nafasi ya watoto watano, na kwamba wakati huu atasimama karibu asikie mwenyewe. Binti ameshapata majina saba. Tunahitaji mtu mwingine mwenye gari, na mtu wa kuleta chupa ya chai.