Mwalimu wa Madaktari Aliyechunguza Mate ya Kupe

Safari hii tumeona tuzungumzie maisha ya mtu mmoja wa sayansi, Mmarekani, ambaye jina lake halijulikani sana huku kwetu ingawa sehemu ya kazi yake aliifanyia hapa hapa Afrika Mashariki. Huyu ni Don Fawcett.

Sababu ya kumchagua ni hii. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, sisi walimu husikia maneno yale yale barazani: aliyefaulu sana aende akasomee udaktari, na aliyebakia aende akafundishe. Yanatuuma, na wala si kwa ajili ya heshima yetu tu. Yanamfanya mtoto aamini kuwa kutafuta elimu ni kazi moja na kuifikisha kwa watu ni kazi nyingine, tena ya waliokosa. Fawcett aliishi miaka 92 akizifanya kazi zote mbili, nasi tumejaribu kutazama ni wapi alipozitenganisha, hatujapaona.

Alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Iowa, akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu mwaka 1942, wakati dunia imo vitani. Angeweza kabisa kufungua chumba chake cha matibabu na kuishi vizuri. Yeye akachagua kuchunguza seli, yaani zile chembe ndogo ambazo miili yote iliyo hai imejengwa kwazo.

Wakati ule chombo kipya kilikuwa kimeanza kutumiwa na watu wa elimu ya viumbe, nacho ni hadubini ya elektroni. Hadubini tunazoziona katika maabara za shule hutumia mwanga, na mwanga una mpaka wake: vitu viwili vikikaribiana kuliko sehemu moja ya elfu tano ya milimita, huonekana kama kitu kimoja. Hadubini ya elektroni huuvuka mpaka huo mbali sana. Lakini ina masharti. Kipande cha nyama kinachotazamwa lazima kigandishwe ndani ya kitu kigumu kisha kikatwe kwa kisu cha kioo au cha almasi, kiwe chembamba kuliko unywele kwa kiasi cha mara elfu moja. Mkono ukitetemeka kidogo, kazi ya wiki nzima imepotea. Fawcett alisifika kwa picha zilizo safi kupita za wengi, na tunaamini hilo lilitokana na subira kuliko mashine, kwani mashine kama yake wengine pia walikuwa nazo.

Mwaka 1954 yeye na mwenzake Keith Porter walichapisha uchunguzi wao juu ya silia. Hizi ni kama vinyweleo vidogo mno vinavyopepea juu ya baadhi ya seli. Zimo katika njia zetu za hewa, zikisukuma makohozi na vumbi kuelekea kooni mchana na usiku. Walipokata silia moja kwa upande, kama mtu anavyokata muwa, waliona ndani yake mirija myembamba iliyojipanga kwa utaratibu: jozi tisa kuzunguka ukingoni, na mirija miwili katikati. Walipotazama wanyama wa namna nyingine wakakuta mpango ni ule ule. Tisa na mbili. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1976, mtaalamu wa Sweden aitwaye Björn Afzelius alieleza kuwa kuna watu wanaozaliwa na silia zenye kasoro ndani, nao ndio wale wanaosumbuliwa na vifua na mafua tangu utotoni bila kupumzika. Daktari asiyeijua silia nzima inavyokuwa hawezi kuitambua mbovu.

Hapo ndipo ualimu unapoingia. Mwaka 1959 Fawcett alirudi Harvard kuongoza idara ya anatomia, na mwaka 1961 akawa rais wa kwanza wa chama cha wanabiolojia ya seli cha Marekani. Mtu wa cheo hicho angeweza kuwaachia wasaidizi wake kazi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Badala yake alichukua kitabu cha elimu ya tishu kilichoanzishwa na Maximow na Bloom mwaka 1930, akaanza kukiandika upya toleo baada ya toleo, akiingiza ndani yake mambo yaliyokuwa yakionekana kwa hadubini mpya. Mwaka 1966 akatoa kitabu kingine, The Cell, ambacho karibu chote ni picha na maelezo. Kijana mmoja aliyepita madrasa yetu na sasa anasomea udaktari alituletea kimoja cha vitabu hivyo tukitazame. Kizito kama tofali. Kilichotuvutia ni jinsi maelezo yanavyomwongoza msomaji aangalie hapa kwanza, kisha pale, mpaka jicho lake lizoee. Nyumbani kwetu mtoto huchora seli kwa kunakili ubao na kupata alama zote, na pengine hajawahi kuiona hata moja. (Hili tunalisema bila kumlaumu mwalimu mwenye watoto tisini na hadubini moja iliyovunjika kioo.)

Tuzo ya Nobel hakuipata. Mwaka 1974 ilipotolewa kwa ajili ya elimu ya seli walipewa Claude, de Duve na Palade, na walistahili.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 63 ambapo wengi hutafuta kiti cha kupumzikia, Fawcett alihamia Kenya. Alijiunga na maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama iliyokuwa Kabete, pembezoni mwa Nairobi, ambayo katikati ya miaka ya 1990 iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa na kuwa taasisi moja ya utafiti wa mifugo. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchunguza mate ya kupe.

Wenye asili ya ufugaji miongoni mwenu hawatacheka. Wanaijua ndigana kali: tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi hukata, povu hutoka puani, na ndani ya wiki chache ng'ombe amekufa. Wazungu waliuita ugonjwa huu Homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani yenyewe ni hii yetu, kwa sababu baada ya sotoka kumaliza mifugo katika miaka ya 1890, ng'ombe waliosafirishwa kutoka huku waliufikisha kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900. Sisi tunaukumbuka kwa jambo dogo zaidi. Tulikuwa na mwanafunzi, hodari wa kuhifadhi, ambaye baba yake alipoteza ng'ombe karibu wote msimu mmoja. Karo ya shule ilitoka kwenye ng'ombe hao. Kijana akaenda mjini kutafuta kazi, na nafasi yake kwenye mkeka ikabaki wazi.

Fawcett na wenzake walionyesha kwa picha jinsi kimelea cha ugonjwa huo kinavyokaa ndani ya seli ya tezi ya mate. Kupe akiwa na njaa, kimelea kimetulia. Akishang'ata na kuanza kunyonya, ndipo kinapoanza kukua, kuijaza seli yote, na baada ya siku chache kugawanyika vipande maelfu kwa maelfu vinavyoingia kwa ng'ombe pamoja na mate. Ndiyo maana kumwogesha ng'ombe joshoni kwa wakati kunasaidia: kupe akifa mapema, sumu yake bado haijaiva.

Mwaka 1984, pamoja na Musoke na Voigt, alieleza kinachofuata. Kimelea hugusa chembe nyeupe ya damu, nayo humeza ikikifunika kwa utando wake. Kwa kawaida kilichofunikwa hivyo huyeyushwa. Hiki huivua kanzu hiyo mara tu kiingiapo, kikajizungushia mirija ya seli yenyewe, na seli ikaanza kuzaana ovyo kama saratani, kila ikigawanyika inakigawanya nacho. Adui amekaa katika nyumba ya mlinzi na anakula chakula cha mlinzi.

Kitabu hakukiweka chini. Toleo la kumi na moja lilitoka mwaka 1986, na la kumi na mbili mwaka 1994, naye ana miaka 77. Alifariki mwaka 2009 huko Montana.

Picha nyingi za The Cell zimewekwa huru mtandaoni, na mzazi mwenye simu anaweza kuzifungua bila malipo. Tumewaomba walimu wa darasa la sayansi la Jumamosi wachape ile ya silia iliyokatwa kwa upande na kuibandika ubaoni baada ya likizo, bila maandishi yoyote chini yake. Watoto wahesabu wenyewe.