Barakoa Wakati wa Kukata Majani

Akina mama wenzangu, sisi tunaofuga ng'ombe wa maziwa bandani huku Kilimanjaro tunajua kwamba maziwa hayaji bila majani. Kihamba kimejaa migomba na kahawa, hivyo majani tunayashukia tambarare, tunayafunga mzigo na kuyapandisha mlimani kichwani. Nyumbani kwangu maziwa ndiyo ada ya watoto, ndiyo sabuni na chumvi.

Lakini kila mwaka, masika yakielekea kwisha na majani yakianza kuchanua, kazi hiyo ilikuwa mateso kwangu. Nikikata kidogo tu, chafya hufuatana, kamasi hutiririka kama maji, macho na koo huwasha. Usiku sikulala kwa kuziba pua. Dawa za mafua hazikunisaidia. Baba watoto akaanza kusema tuuze ng'ombe.

Mganga wa zahanati alinisikiliza, kisha akanieleza kwamba hayo si mafua ya kuambukiza bali ni mzio. Maua ya majani hutoa unga laini uitwao chavua, nao hupeperushwa na upepo. Watu wengi hauwadhuru, ila mwili wa mwenye mzio hupigana nao kana kwamba ni adui. Alinipa vidonge, akaongeza: "Na ukienda kukata majani, mama, vaa barakoa."

Sababu yake ni rahisi. Chembe ya chavua ya majani ina upana wa sehemu 2 hadi 4 za mia za milimita. Ni ndogo sana, lakini ni kubwa mara nyingi kuliko chembe za moshi. Kwa hiyo hata kitambaa kilichofumwa vizuri, kikikunjwa mara mbili, huzuia sehemu kubwa yake, mradi kikae sawasawa puani na mashavuni.

Wenzetu wa Japani wamezoea jambo hili siku nyingi. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 milima yao ilipandwa miti mingi iitwayo sugi, na kila mwaka, kuanzia mwezi wa Februari, chavua yake huwafanya watu wengi wavae barakoa. Huko Israeli nako, mwaka 2020, wauguzi wenye mzio waliokuwa wakivaa barakoa kwa sababu ya korona waliulizwa hali zao. Wengi walisema chafya na mafua yamepungua. Macho hayakupata nafuu kama hiyo, maana barakoa haiyafuniki.

Nilishona barakoa tatu kwa vipande vya kitenge. Taabu ilikuwa macho ya watu. Njiani niliulizwa, "Mama, kifua kimekupata?" Mteja mmoja akaacha kuchukua maziwa, akidhani nina kifua kikuu. Nilimfuata kwake nikamweleza kwamba mzio hauambukizi. Siku zilizofuata mama mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyewaambia wanaokuja na chupa zao: "Mkwe wangu ni mzima, ni maua ya majani tu."

Chafya hazikwisha kabisa, ila sasa namaliza mzigo wangu na usiku napata usingizi. Namshukuru Mungu, ng'ombe wetu wawili bado wako bandani.

Nimejifunza na mengine. Mzigo naufunika kwa kanga kuukuu usinimwagie unga usoni. Nikifika nyumbani nabadili nguo, nanawa uso na kuosha nywele. Barakoa naifua kila siku na kuianika ndani. Panapowezekana nakata majani kabla hayajachanua, na hayo ndiyo yenye lishe zaidi kwa ng'ombe.

Dada, ukisikia kifua kinabana au pumzi inatoa mlio, usitegemee barakoa, nenda hospitali upimwe, huenda ni pumu. Na ukikutana na mwanamke shambani amefunika pua na mdomo, usimkimbie. Msalimie, umsaidie kujitwika mzigo.