Namba 40

Fundi amewakabidhi vijana wake funguo za gereji ya mtaa wa Unga Limited na kurudi kwao Tengeru. Utoto wake ulipita upesi: migomba, kahawa, shule, kisha spana. Kinachomkalia rohoni hadi leo ni ubishi kati yake na mzee aliyemfundisha kazi.

Mzee alikuwa bingwa wa Land Rover na Peugeot 504. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akakutajia beringi iliyoanza kulegea. Sifa hiyo fundi hampokonyi. Lakini kwa mzee oili ilikuwa moja tu, namba 40. Nyepesi zote aliziita maji.

Kisha zikamiminika Vitz na IST kutoka Japani, zenye VVT-i, mfumo unaobadili majira ya valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba.

Asubuhi moja ya Julai, Mlima Meru hauonekani kwa mawingu, Vitz iliyojazwa namba 40 iliwashwa. Cheni ya taimingi ikalia mpaka oili ilipopanda juu. Fundi akaimwaga yote, akabadili filta, akaweka 5W-30 kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Kesho yake, baridi ile ile, cheni haikulia. Mzee akasema ni bahati.

Haikuwa bahati. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi: ikiwa ndogo, oili huwahi kufika juu. Ya nyuma inahusu injini ikishapata moto. Na wepesi huu una mipaka. Kiwango cha SAE J300 kinataka oili isagwe kwa kasi kwenye nyuzi 150 za Selsiasi: mnato wa 15W-40 usishuke chini ya milipaskali-sekunde 3.7, wa namba 20 usishuke chini ya 2.6. Namba 16 iliingia mwaka 2013, ikaruhusiwa hadi 2.3, mwaka 2015 zikafuata 12 na 8.

Faida ya oili nyepesi ni kuokoa petroli, kwa sababu pampu na beringi hazipotezi nguvu nyingi kuisukuma oili. Utando ukiwa mwembamba, viongezo vya zinki na molibdeni huzuia chuma kisile chuma. Daraja la oili la API SP, lililoanza Mei 2020, linapima hata ulikaji wa cheni.

Ndiyo maana fundi huwa mkali kwa vijana wanaouliza bei ya kopo kabla ya kufungua kitabu cha gari. Injini ya 0W-16 ukiipa 40, unamchomea mwenye gari petroli bure. Land Rover ya zamani ukiipa 0W-16, unaua beringi.

Mzee alifariki bila kukubali. Palipobaki ubishi ni kwenye injini inayokula oili: mzee angeruka moja kwa moja hadi 40. Fundi anashikilia kwamba kompresheni ipimwe kwanza, na sili za valvu zikaguliwe. Ringi zikiwa zimekwisha, mwenye gari aambiwe ukweli, injini ifunguliwe.